Maharage machanga (mishiri): mnayapikaje yasigeuke rangi ya kaki?

MpishiWaTengeru (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Leo nimekuja na hoja ya jikoni, wale wa siasa mtanisamehe.

Sisi wa Arusha tunaishi katikati ya mashamba ya maharage machanga, yale marefu membamba ya kijani yanayoliwa na ganda lake. Yanapakiwa kwenye makasha kwenda Ulaya huku tunatazama. Halafu nenda kwenye sherehe yoyote hapa hapa mjini uyakute kwenye hotpoti: rangi ya kaki, yamelegea, yanaogelea na vipande vya karoti. Mgeni anaonja mara moja, anasukuma pembeni ya sahani, anasema hii mboga haina ladha. Itakuwaje na ladha na imechemshwa tangu saa nne asubuhi?

Msimamo wangu ni huu: haya maharage yana njia mbili tu za kuiva vizuri. Ama dakika chache kwenye maji mengi yanayotokota kwa fujo, ama muda mrefu kwenye moto mdogo pamoja na mafuta. Wengi wetu tunapikia katikati: maji kidogo, sufuria imefunikwa, dakika kumi na tano au ishirini. Hapo hupati ule ugumu mtamu wa kutafuna, na hupati ule ulaini wa rojo. Unapata kaki.

Njia ya haraka naifanya hivi. Nayaosha yakiwa mazima, kabla ya kukata chochote. Kuchambua: nashika upande wa kikonyo, navunja, navuta kuelekea chini. Kama lina uzi utafuatana na kikonyo. Ule mkia mwembamba wa mwisho siuondoi kama yamechumwa machanga, unalika vizuri tu. Na siyakati vipandevipande kabla ya kuchemsha, kwa sababu kila unapokata umefungua mlango wa maji kuingia na utamu kutoka.

Nusu kilo, maji lita mbili na nusu hivi, chumvi kijiko cha mezani kilichojaa. Msiogope, chumvi nyingi inabaki kwenye maji. Maji yakishatokota ndipo naingiza maharage, moto juu kabisa, na SIFUNIKI. Membamba nayaonja dakika ya nne, manene dakika ya sita au saba. Saa ni ya kukukumbusha tu kuonja. Lililoiva linatafunika bila kupiga kelele kwenye meno, na ile harufu ya nyasi imeondoka.

Kwa nini nisifunike? Ule ukijani ni klorofili, na katikati ya klorofili kuna madini ya magnesi. Maharage yakipata joto yanatoa asidi zake, na asidi inaing'oa ile magnesi. Ikishang'oka, rangi inakuwa kaki na hairudi. Sufuria ikiwa wazi, sehemu ya asidi inapanda na mvuke. Ukifunika, inagonga mfuniko na kudondoka tena ndani. Kwa sababu hiyo hiyo nyanya na ndimu hazitakiwi kwenye maji ya kuchemshia.

Nikishachuja natumbukiza kwenye maji baridi dakika moja mbili, nachuja tena, natandaza kwenye kitambaa yakauke. Kuunga ni mwisho kabisa: mafuta, kitunguu saumu kilichopondwa, kikianza tu kunukia naingiza maharage, nageuza mara chache, natoa. Ndimu inakamuliwa mezani.

Haya, leteni zenu.

---

Kijana_wa_Ilala

Mkuu, somo limeeleweka ila sisi mabachela umetusahau. Mtungi wangu wa gesi ni ule mdogo wa kilo sita. Lita mbili na nusu za maji kwa ajili ya mboga tu? Hiyo gesi si nitalala njaa wiki nzima?

Halafu maji ya bomba huku Dar yanatoka ya moto mchana kutwa. Hayo "maji baridi" nayatoa wapi?

---

MpishiWaTengeru

Kaka, pika robo kilo kwa lita moja na robo. Na usimwage yale maji. Toa maharage kwa mwiko wa matundu, tumbukiza tambi zako humo humo. Maji yana chumvi tayari, gesi ni ile ile.

Kama huna friji, achana na habari ya maji baridi. Yatoe dakika moja kabla hayajafika unapotaka, yatandaze kwenye ungo au sinia pana yasilaliane, weka mbele ya feni. Yakirundikana kwenye bakuli yanaendelea kupikana yenyewe kwa yenyewe, na hilo ndilo linalowaharibia watu wengi hata walioyachemsha vizuri.

---

Shangazi_wa_Same

Mwanangu, mbona magadi hujayataja? Sisi tunatia magadi kidogo kwenye makande na kwenye kisamvu tangu enzi za mama zetu, na mboga inabaki kijani. Hayo mambo ya kuacha sufuria wazi ni kupoteza kuni.

---

MpishiWaTengeru

Shikamoo shangazi. Kwenye makande nakubaliana na wewe mikono miwili, mahindi makavu na maharage makavu yanahitaji msaada. Haya machanga hayahitaji. Magadi yanaua asidi, kwa hiyo ukijani utaupata, tena wa kung'aa kuliko wa shambani. Ila yanalainisha ganda mpaka linakuwa utelezi kwa nje huku ndani bado, na vitamini C pamoja na B1 zinapotea kwa kasi zaidi. Ukiyaonja yana kaladha ka sabuni kwa mbali. Kwa mboga ya kuiva dakika tano sioni sababu.

---

Shangazi_wa_Same

Marahaba. Nitajaribu bila magadi, lakini yakinigomea nitakutafuta.

---

MkulimaMwea

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Kirinyaga, Kenya, na hii mishiri ndiyo imesomesha watoto wangu, kwa hivyo wacha niseme kitu kimoja ambacho mwanzilishi hajakigusa: upishi mwingi unaharibikia sokoni, kabla hujawasha jiko.

Mshiri unaanza kuchumwa siku kama 45 hadi 50 baada ya kupanda, ikitegemea baridi ya mahali. Ukishaanza, unarudi shambani kila baada ya siku mbili au tatu, na hakuna Jumapili wala Krismasi. Ukiacha siku mbili za ziada, ile mbegu ndani inafura, ganda linaanza kuwa ngozi, na wanunuzi wa kampuni hawaitaki. Wao wanataka membamba, ile daraja ya juu kabisa unene wake hauzidi milimita 6 hivi, imenyooka, haina doa. Iliyobaki inaitwa rijekti, na rijekti ndiyo inaletwa kwa soko la hapa nyumbani.

Sasa sikilizeni. Rijekti ni za aina mbili. Kuna ile imekataliwa kwa sababu imepinda au ni fupi. Hiyo nunua ukifurahi, ni tamu sawasawa na ile imeenda London na bei ni ya kuokota. Halafu kuna ile imekataliwa kwa sababu imekomaa. Hiyo hata uchemshe ukiimba haitakuwa laini kwa dakika tano. Utaijua hivi: shika katikati, kunja. Nzuri inakatika "tak!" na pale ilipokatika utaona unyevu. Mbaya inakunjika kama kamba ya viatu. Pia pitisha kidole juu ya ganda. Ukihesabu mbegu kwa kidole, imepitiliza. Usimwogope mama mboga, mwambie unataka kuvunja moja. Akikataa, hiyo pia ni jibu.

Kuhusu uzi: aina nyingi tunazopanda siku hizi hazina uzi zikiwa changa. Mmarekani mmoja, Calvin Keeney, alitoa maharage yasiyo na uzi mwaka 1894 na tangu hapo wazalishaji wa mbegu wamefuata njia hiyo. Ukikuta uzi mgumu, aidha ni mbegu ya kienyeji, au imekomaa.

Na kwa nini nasema tujifunze kuipika? Aprili 2010 ile volkano ya Aislandi ilipofunga anga ya Ulaya, ndege hazikutoka Nairobi kwa siku kadhaa. Maua na mboga vilioza kwenye maghala. Mishiri tulikuwa nayo hadi hatujui tuipeleke wapi, na majirani wengi hawakuitaka hata bure kwa sababu hawakuzoea kuila. Mkulima anayetegemea mdomo wa mtu aliye mbali hivyo yuko pabaya.

---

Mwanafunzi_SUA

Mkuu wa Mwea, darasa zuri. Swali la uchokozi kidogo: dawa je? Tunasikia hii mboga inapigwa dawa sana.

---

MkulimaMwea

Si uchokozi, ni swali halali. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima mizigo 10 kwa kila 100 ya maharage na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya dawa. Wengi tulifinywa. Tangu hapo anayeuza nje anaandika kila anachopulizia na tarehe, na kila dawa ina siku zake za kungoja kabla ya kuchuma.

Shida ni kwamba soko la nyumbani halina mtu wa kupima namna hiyo kila siku. Kwa hivyo osha kwa maji yanayotiririka, usugue kwa vidole, usiloweke tu kwenye beseni. Haitoi kila kitu, lakini inatoa vumbi na sehemu ya kilicho juu ya ganda. Na kama una kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, mishiri inakubali hata kwa gunia.

---

FundiBaridi

Kuna jambo mnalisahau kwenye hizo dakika. Nimehama kutoka Tanga mjini kuja Nairobi, na kila mapishi ya dakika yamenigomea. Pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Arusha, kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye 95 hivi. Nairobi, mita kama 1,700, ni 94. Hesabu yake ni nyuzi moja inapungua kila unapopanda kama mita 300. Maji yanatokota vile vile, mapovu ni yale yale, ila joto ni dogo.

Kwa hiyo dakika nne za Tengeru siyo dakika nne za Tanga. Mtu wa pwani akifuata saa ya MpishiWaTengeru bila kuonja atapitiliza, wa Limuru atatafuna mbichi. Na kwenye njia ya moto mdogo tofauti inaonekana zaidi.

---

MpishiWaTengeru

Hili ni bao. Wa pwani anzeni kuonja dakika ya tatu.

---

BintiMvita

Yaani nyie watu wa bara mwaongea kuchemsha na kuchemsha. Kwani nazi zimekwisha?

Sisi maharagwe haya twayapika kwa tui na hakuna anayelalamika rangi. Mie nafanya hivi. Nakuna nazi moja kubwa, nakamua tui zito, naliweka kando. Machicha nayarudia na maji, napata tui jepesi. Kitunguu maji nakikatakata, nakilainisha kwa mafuta kidogo pamoja na thomu (hicho mwakiita kitunguu saumu) na bizari ya manjano, na pilipili mbichi moja nzima isiyopasuliwa, yatoa harufu bila kuchoma watoto. Namimina tui jepesi, likichemka naingiza maharagwe niliyoyavunja vipande viwili viwili, sufuria wazi, mpaka yalainike. Sasa ndipo naongeza tui zito, moto chini, nakoroga taratibu kwa upande mmoja. Likianza kufanya vijiwimbi pembeni, natoa. Ukiliacha lichemke kwa nguvu litakatika, utapata mafuta juu na maji chini.

Nyanya siweki. Mwataka uchachu? Ukwaju kidogo ukishaepua. Hapo ni wali mweupe na samaki wa kukaanga, na mazungumzo yaishe.

Majirani zetu wa Kihindi nao huyaita fansi. Wanayakata madogo sana, wanaanza na ajwani (vile vijimbegu vya kiungo vyenye harufu kali) na thomu kwenye mafuta ya moto, bila maji karibu. Yanajipikia kwa mvuke wake na kuliwa kwa chapati. Hiyo pia si ya kudharau.

---

Kijana_wa_Ilala

Dada yangu, tui la boksi linafaa?

---

BintiMvita

Lafaa ukiwa na shida. Lipunguze na maji kwa ile hatua ya kwanza, ubakishe zito la mwisho. Lakini usije ukaniambia umepika mchuzi wa nazi wa Mombasa.

---

Maskati_Kwetu

Assalaam aleikum. Mie mzaliwa wa Unguja, niko Maskati miaka mingi. Mwanzisha uzi ametaja njia mbili kisha akaeleza moja, naomba niieleze ya pili maana huku ndiyo naila zaidi. Nimejifunza kwa jirani Mlebanoni, wao huiita lubia bi zeit, yaani kwa mafuta.

Kitunguu kikubwa kimoja, thomu punje sita au nane nzima, mafuta ya zeituni mengi, msibane mkono, robo kikombe kwa nusu kilo. Kitunguu kilainike bila kubadilika rangi. Maharagwe yaingie, uyageuze dakika tano yapate mafuta. Kisha nyanya mbivu nne zilizokunwa, chumvi, pilipili manga. Funika. Moto mdogo kabisa, dakika 40 hadi saa nzima, maji usitie, labda vijiko viwili kama yanashika.

Hapa rangi inaondoka yote, na haijalishi. Asidi ya nyanya inachelewesha ganda kulainika, ndiyo sababu ya kuhitaji muda mrefu, na katika muda huo mafuta, thomu na nyanya vimeingia ndani mpaka kwenye mbegu. Yanaliwa baridi au ya uvuguvugu na mkate. Ya kesho yake ni bora kuliko ya leo. Na zile rijekti zilizokomaa alizozilaumu mzee wa Mwea, hapa ndipo mahali pake. Toa uzi tu.

---

MkulimaMwea

Sheikh, hapo kwa rijekti umenifundisha. Nitaipitisha kwa mama watoto, ingawa zeituni huku ni bei ya dhahabu. Mafuta ya alizeti yatafanya?

---

Maskati_Kwetu

Yatafanya kazi ya kulainisha, ladha itapungua. Zidisha thomu na umwagie kijiko kimoja cha zeituni juu wakati wa kula, kama unacho.

---

DerevaWaLushoto

Mimi nabeba mboga kutoka Lushoto kushuka Dar. Njiani njaa ikibana natafuna haya haya mabichi, matamu kama tango. Mnajichosha na majiko bure.

---

AfisaLishe_Mstaafu

Kaka, moja mbili hazitakudhuru, ila usiyafanye kuwa chakula. Jamii yote ya maharage ina protini iitwayo lektini, inayosumbua tumbo: kichefuchefu, kutapika, kuharisha. Kwenye haya machanga ni kidogo kuliko kwenye maharage mekundu makavu, na maji yanayochemka ndiyo yanayoivunja. Kwa hiyo hata wapenzi wa ugumugumu, yachemsheni kweli kweli, msiyapitishe tu kwenye maji ya vuguvugu na kuyaita saladi.

Kwa wenye kisukari wanaoniuliza mara kwa mara: gramu 100 zina kama kilokalori 31 tu na nyuzinyuzi za kutosha. Ni mboga nzuri, jaza sahani. Wanaotumia dawa ya kuzuia damu kuganda ya warfarin wasibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani wanachokula bila kuongea na daktari wao, kwa sababu ya vitamini K.

---

MamaWatatu

Naomba kuuliza wajuzi. Nanunua ya wiki nzima siku ya gulio. Siku ya tatu yanakuwa na madoadoa ya kahawia na utelezi. Na nimeona video mtu anayaweka kwenye chupa na maji ya chumvi, anachemsha chupa, anaweka kabatini mwaka mzima. Ni kweli?

---

AfisaLishe_Mstaafu

Hiyo ya chupa achana nayo kabisa, dada. Maharage hayana uchachu, na chupa iliyofungwa haina hewa. Hapo ndipo bakteria wa botulinamu anapostawi, na sumu yake inaua. Mbegu za bakteria huyo (spora) zinahimili maji yanayochemka. Zinahitaji joto la nyuzi kama 121, na sufuria ya kawaida haifiki huko hata ukichemsha mchana kutwa. Viwanda vina mitambo yake ya presha. Nyumbani, usijaribu kwa kuiga video.

---

MpishiWaTengeru

MamaWatatu, utelezi unaletwa na unyevu. Usiyaoshe ukifika nyumbani. Yakunje kwenye kitambaa kikavu au karatasi, yaweke droo ya chini ya friji, siyo kule nyuma kwenye baridi kali maana nayo inayatia madoa. Yaliyopata jua sokoni kutwa hayatakaa hata ufanyeje, kwa hiyo nenda gulioni asubuhi.

Ya wiki nzima, weka kwenye friza siku hiyo hiyo. Chambua, chemsha dakika tatu, maji baridi dakika tatu, kausha vizuri kwa kitambaa. Yatandaze kwenye sinia ndani ya friza yagande moja moja, ndipo uyapange kwenye kopo lenye mfuniko. Ukiyaweka kwenye kopo yakiwa na maji yatagandana kuwa tofali moja na utalivunja kwa nyundo.

---

MamaWatatu

Asante sana dada. Siku ya kupika nayatoa asubuhi yayeyuke?

---

MpishiWaTengeru

Hapana, yakiyeyuka yanalegea. Yatoe kwenye friza yaende moja kwa moja kwenye kikaango, mafuta yakiwa ya moto sana, machache machache, bila mfuniko. Simama mbali kidogo maana yatarusha. Dakika tatu nne yamekwisha. Yale ya tui la BintiMvita unaweza kuyatumbukiza na barafu yake, ila punguza tui jepesi.